Ukipotea, Shuka Mpaka ku Mayi

Harufu ya kandambili mupya ndiyo inanirudishaka China. Mutu akipasua karton moja tu pale sokoni, ile hewa ya plastiki na joto inatoka kwa nguvu kama mutu aliyefungiwa mwezi muzima mu kontena, na mimi macho yananifunga yenyewe. Najikuta tena Guangzhou. Niko na miaka kumi na moja, jasho inanishuka mpaka ku kisigino, na mbele yangu iko liputa ya Maman, ile kitenge yake ya rangi ya machungwa yenye picha za miavuli, inapita kati ya watu bila kuomba njia. Wateja wamezoea kuniuliza, "Nabintu, unalala?" Nawajibu hapana, niko nasafiri, mungojee kidogo nitarudi na bei. Wanacheka, hawajui nasema kweli.

Kwanza mujue hivi. Mutu aliyekulia Bukavu hana haja ya ramani. Vilima viko juu, ziwa iko chini, basi, masomo imeisha. Barabara ikikuchokesha, unapanda. Ikianza kukusukuma kwa nyuma, unashuka. Maji ya mvua inashuka, taka inashuka, mupira wa watoto inashuka, hata mulevi ukimwachia atashuka yeye mwenyewe mpaka mawimbi yamuoshe miguu. Ndiyo maana Maman aliniwekea amri moja tu tangu nijue kutembea. "Ukipotea usilie, usifuate mutu. Shuka mpaka ku mayi, ukae pale. Nitakuya." Nilipotea mara tano Kadutu, mutaa wetu, mara tano nikashuka, na mara tano akanikuta nimekaa ku majiwe, naangalia wamama wakianika sambaza, zile samaki ndogondogo za ziwa. Mara ya sita sikupotea, nilikuwa na hamu ya sambaza tu. Siku ile Maman alikuja na fimbo.

Lazima niseme wazi pia kwamba nilikuwa mutoto wa kichwa ngumu. Maman alipenda kuniambia, "Asiyesikia la mukubwa, anavunjika muguu," na mimi nikamujibu, "Basi tuache kuuza kandambili, tuuze magongo, wateja tutawapata hapahapa nyumbani." Papa alikuwa Kamituga, mu mashimo ya dhahabu, anarudi mara mbili kwa mwaka na zawadi ya matope. Maman naye, kila vakansi kubwa ya shule, alikuwa anaenda China kutafuta kandambili, ananiacha kwa majirani. Mwaka ule majirani watatu walinikataa. Wa kwanza alisema nyumba yake ni ndogo. Wa pili alisema iko na ugonjwa, alipoulizwa ugonjwa gani akasema bado haujafika. Wa tatu alikuwa mama ya kanisa, hawezi kusema uongo, basi alisema tu, "Maman Nabintu, nakupenda sana, lakini yule mutoto wako hapana." Maman alihesabu pesa ya biashara siku mbili. Siku ya tatu akaenda kutafuta karatasi zangu za safari. Nilimusikia anamwambia Papa kwa telefone kwamba ni heri aende na mimi mwisho wa dunia kuliko kuniacha mwanzo. Mimi nilicheka chini ya blanketi. Lakini lile neno la majirani lilikuwa limeingia mahali, kama mwiba ndogo ambayo hauioni, unaisikia tu ukikanyaga.

Kuna kitu kingine cha kujua juu ya Maman. Hajui kusoma. Hata herufi moja. Bukavu mimi ndiyo nilikuwa macho yake: nilimusomea dawa, matangazo ya kanisa, barua za mwalimu (zile nilizisoma kwa namna yangu). Darasa la sita nilikuwa nimemaliza, setifika iko mu plastiki juu ya kabati, na hapo ndipo masomo yangu iliishia, lakini wakati ule nilijiona profesa. Mu ndege nilimwambia Maman asiogope kitu, nitamusomea China yote. Alifunga macho, akalala.

Kumbe! Tulipotoka ku hoteli asubuhi ya kwanza, niliinua kichwa kutafuta kitu cha kusoma. Maandishi yalikuwa mengi kuliko watu, na watu walikuwa wengi kuliko kitu chochote niliwahi kuona. Yalipanda ku maghorofa, yalining'inia juu ya barabara, yaliwaka nyekundu na kijani mchana kweupe, na hakuna hata moja lililonisalimia. Moja lilikuwa kama kiti kimevunjika muguu. Lingine kama mutu anabeba kuni na mvua inamupiga. Maman akasimama kando yangu, mikono kiunoni, sauti tamu kama asali. "Soma basi, madame profesa. Wanasema nini pale?" Nilitafuta hata herufi moja ninayoijua. Aliniacha nitafute, halafu akaanza kutembea, na mimi nyuma.

Ndiyo siku ile niligundua kwamba mama yangu alikuwa anajua kusoma muji. Ilikuwa safari yake ya tano, na ule muji mukubwa wa meli na kontena alikuwa ameshaupa majina yote upya, ya kwetu Bukavu. Njia ya hoteli aliiita Nyamugo, juu ya kelele. Mahali barabara nne zinakutana, penye polisi wa glavu nyeupe, ilikuwa Feu Rouge. Duka la bata wekundu waliotundikwa kwa shingo mu kioo, wanang'aa mafuta, ndipo tulikata kuume. Na ukisikia harufu ya samaki mukavu na tangawizi, umeshapita, urudi. "Tunakutana Nyawera," aliniambia, na mimi nilijua ni ule uwanja wenye wamama wa Kichina wanacheza asubuhi na redio yao, wanapunga mikono pamoja kama wanafukuza nzi mumoja. Wafanyabiashara wengine kutoka Afrika walitembea na makaratasi na madaftari, wanauliza, wanageuka, wanarudi. Maman hakuuliza mutu. Alitembea kwa pua, kwa masikio, kwa nyayo. Yeye alikuwa ameishi maisha yake yote mu dunia ambayo haiwezi kusomwa, basi China haikumutisha. Aliyetishwa ni mimi, mwenye setifika.

Kila siku tulivuka muto. Ni muto mukubwa, rangi ya chai ya maziwa, unapita katikati ya muji, na bodegi, zile meli bapa za mizigo, zenye kontena zinapita polepole kuelekea baharini. Hoteli yetu ilikuwa upande huu, magodauni ya viatu upande ule, na kati yao kulikuwa boti mbili za chuma, nyeupe na bluu, zinapishana, zinabeba wafanyakazi na vélo zao, baiskeli za kazi, kwa senti chache. Maman alipenda zile boti kuliko chakula. Alisimama mbele kabisa, upepo unacheza na kitambaa chake, anavuta pumzi kama mutu amefika kwao. Kulikuwa na njia nyingine, metro, treni ya chini ya muji, ya haraka, yenye baridi nzuri. Mimi niliililia kila siku. Maman alikataa. "Chini ya udongo ni kwa batu ba Kamituga," alisema. "Papa yako anatosha. Familia moya, mutu moya mu shimo." Lakini nililia wiki nzima, na siku moja jua lilikuwa kali mpaka barabara ililainika kama bugali, na Maman akachoka kunisikia. Tukashuka.

Hata sasa naona vile alivyoshika ule mukono wa mpira wa ngazi inayotembea, kwa mikono miwili, kama inaweza kubadilisha nia. Mimi nilishuka kwa kuruka. Treni ilifika, ndefu, inang'aa, milango ikafunguka, na mimi nikaingia wa kwanza, nikageuka nimuchekeshe. Alikuwa bado anatembea na ule mwendo wake, kikapu ku mukono. Nikamuita, "Maman, weye unatembea kama konokono!" na nikapiga muguu chini, kuonyesha watu vile konokono wanatembea kwetu. Kengele ndogo ililia. Milango ikafunga. Niliona mudomo wake ukifunguka nyuma ya kioo, na kioo ikakula sauti. Kisha liputa ya machungwa ikateleza pembeni, polepole, halafu haraka, halafu giza.

Mutaniuliza telefone. Telefone ya Maman ilikuwa mu mufuko yangu, imezimika, juu nilikuwa nimecheza nayo mchezo wa nyoka tangu asubuhi. Karatasi yenye jina la hoteli ilikuwa imefungwa mu ncha ya liputa yake. Basi tuligawana vizuri: mimi telefone bila moto, yeye anwani asiyoweza kuisoma.

Mutu mwingine angerudi na treni inayofuata. Mutoto wa Kichina angemuendea polisi wa metro. Mimi nilikuwa mutoto wa Kadutu, na kichwa kilikuwa na amri moja tu. Nilitoka ku kituo cha kwanza, nikapanda ngazi mpaka juu, nikasimama ku jua, nikatafuta wapi kunashuka.

Hakuna mahali palishuka. Pale palikuwa sawa kama meza. Niligeuka huku, barabara sawa. Niligeuka kule, barabara sawa, na maghorofa yamesimama ku kila upande yanafunika macho. Kwa mara ya kwanza mu maisha yangu miguu haikuniambia kitu. Nilimukaribia dada mumoja aliyekuwa anauza matunda, nikamufanyia alama ya maji, mikono inacheza kama mawimbi, halafu nikafanya alama ya kunywa, sijui ni nani alinituma. Akanihurumia, akanipa chupa ya maji baridi. Nilimushukuru. Nilikuwa na maji sasa, lakini siyo yale. Basi nikafanya kitu ambacho mutu wa Bukavu peke yake angefikiri: nikafungua chupa, nikamwaga kidogo chini, nione inakimbilia wapi. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Ile ya kwangu ungeweza kuizoa na kijiko. Ilikaa palepale, duara, inaniangalia.

Nikamwaga tena mbele kidogo. Nikamwaga tena. Mara ya nne nikasikia mutu anafoka nyuma yangu kwa sauti ile ya wamama wa soko, ambayo haina haja ya kutafsiriwa. Alikuwa koko mumoja, bibi wa miaka mingi, suruali ya maua, viatu vya kitambaa, na mu mukono yake brosi kubwa yenye muti murefu kama ufagio. Kando yake ndoo. Alikuwa anaandika maandishi ya Kichina chini, ku saruji, kwa maji tu. Mistari mizima, mizuri, imenyooka, inakauka mbele huku anaandika nyuma. Na mimi nilikuwa nimemumwagia maji katikati ya sentensi yake. Mgeni ni kuku mweupe, na mimi nilikuwa kuku mweusi nimeloanisha kazi ya mutu. Nilisubiri kofi. Koko alinitolea brosi. Alinyooshea kidole pale nilipoharibu, maana yake, haya, tengeneza.

Sikujua kuandika kwao, na hata kwetu mwalimu alikuwa analalamika. Basi nilichora boti. Nilichora boti yetu, na dirisha, na bendera, na chini yake mawimbi, na juu yake mama mumoja mwenye kikapu. Halafu nikaonyesha yule mama, nikajigusa kifua, na hapo ndipo machozi yalitoka, na amri ilikuwa imekataza kulia. Koko aliangalia kichwa kimeinama. Akachukua brosi, akaongeza dirisha mbili, juu kweli nilikuwa nimezisahau, akaongeza na vélo. Kisha akabeba ndoo yake, akanishika ku kifundo cha mukono kwa nguvu ya mutu aliyelea watoto wengi, na tukaenda. Ndoo inamwaga njia nzima, koko anaendelea kufoka, sijui ananifokea mimi ama joto.

Tulifika ku muto. Nilitaka kumubusu ule muto. Nilikaa ku ukingo, karibu na pale boti inafika, nikafuta uso, nikangojea Maman akuje. Ndiyo wakati niligundua kuna kitu hakiko sawa. Magodauni ya viatu yalikuwa nyuma yangu. Hoteli yetu, ile yenye paa ya kijani kama kofia, ilikuwa mbele, ng'ambo. Niliangalia mikono yangu, sijui kwa nini. Sikukumbuka kuvuka maji. Kwetu mutu hawezi kuvuka maji bila kuyaona, ama uko ku boti, ama uko ku daraja, ama umekufa. Ile treni ilikuwa imepita chini ya muto na mimi mu tumbo lake, na hakuna aliyeniomba ruhusa.

Na kule ng'ambo, ku ukingo wa hoteli, ndogo kama punje ya hindi, kulikuwa kitu cha rangi ya machungwa kimekaa chini. Maman alikuwa ameshuka mpaka ku mayi. Yeye upande wake, mimi upande wangu, na amri yake ilikuwa imesahau kusema kwamba maji inaweza kuwa na pande mbili.

Nilikuwa na senti za boti mu mufuko. Sikuaga koko, niliruka tu. Boti ikatoka, nami nilisimama mbele kabisa, mahali pa Maman, natabasamu, natayarisha uongo wa kumwambia juu ya ile milango. Katikati ya muto tulipishana na boti nyingine. Mbele yake, imeshika chuma kwa mikono miwili, ilikuwa liputa ya miavuli.

"Maman!"

Aligeuka. Niliona uso wake karibu, kama vile namwona mutu ng'ambo ya barabara, na ule uso sikuwa nimewahi kuuona. Ulikuwa mweupe wa majivu, macho makubwa, kitambaa kimeanguka ku shingo. Mama yangu, aliyetembea China nzima bila kuuliza, alikuwa na uso wa mutoto aliyepotea. Alipiga kelele kwa Mashi kwanza, lugha ya kwao, na Maman anaongea Mashi mbele ya watu siku ya hatari tu. Kisha akapata Kiswahili.

"Ukifika, kaa palepale! Unasikia? Usisogee!"

"Weye ndiyo ukae!" nilijibu, kwa sababu mudomo wangu haujui wakati. Watu wa boti zote mbili walituangalia, huku na huku, kama wanaangalia mupira. Halafu injini zikatutenganisha.

Basi nilifika upande wa Maman, na Maman akafika upande wangu. Hesabu ilikuwa rahisi. Tukirudi wote, tutapishana tena mpaka mafuta ya China iishe. Mumoja akae, mumoja avuke. Na mimi maisha yangu yote sikuwa nimekaa hata mara moja mahali nilipoambiwa. Boti ilikuwa bado imefungua mulango. Niliinuka. Niliweka muguu moja ku chuma, nasikia inavyotetemeka. Halafu nikauona tena ule uso, na muguu ukarudi wenyewe. Nikakaa ku saruji, ya moto kama sufuria, mikono chini ya matako ili isinishawishi.

Boti ya kwanza ilikuja kutoka ng'ambo. Niliangalia kila mutu akishuka. Maman hakuwemo. Nilisema labda ameikosa. Ya pili ilikuja, wakashuka vélo nyingi na mutu na mutungi wa gesi. Maman hakuwemo. Na ile punje ya machungwa niliiona vizuri kule, imekaa, haisogei. Aliniambia nikae, na yeye naye amekaa. Boti ya tatu ilikuja na watu wawili tu. Hapo ule mwiba wa majirani ndipo uliingia wote. Wa kwanza nyumba ndogo. Wa pili ugonjwa. Wa tatu hapana. Nikafikiri labda leo ni zamu ya Maman. Labda amekaa pale ng'ambo anafikiri, anaona vile kulivyo kimya bila mimi, vile upepo ni mzuri. Sikulia. Nilihesabu miavuli ya liputa yake kwa kichwa, nilikuwa naijua yote, kumi na mbili mbele na kumi na moja nyuma, juu mumoja ulikatwa na fundi.

Kilichokuwa kinatokea ng'ambo, nilikisikia baadaye, na Maman anakisimulia tofauti kila mwaka, lakini mfupa wake ni huu. Yeye hakukaa kwa hasira. Alikaa kwa sababu ananijua. Alisema mu moyo, yule mutoto wangu, nikimwambia akae ataruka. Basi miye ndiyo nikae, ataruka mbele yangu na boti inayokuja. Boti ya kwanza ikafika bila mimi. Akasema, amesimama kununua kitu. Ya pili ikafika bila mimi, na akaanza kuita jina langu. Ya tatu, akaanza kuangalia maji. Wakati ule koko wa brosi alikuwa bado pale na ndoo yake, na alikuwa ameshaona kwamba huyu ni yule mama niliyemuchora ku boti. Alimuvuta liputa. Maman akamusukuma. Akamuvuta tena, akachovya brosi, na akachora chini muto, mistari miwili, na ng'ambo yake mutoto mumoja. Maman alitingisha kichwa, akaonyesha kwa mikono kwamba yule mutoto anakimbia, anaruka, hakai. Koko akafoka. Akachora upya, mutoto yuleyule, amekunja magoti, amekaa. Akakanyaga chini mara mbili na kiatu chake cha kitambaa. Amekaa! Kisha akanyoosha muti wa brosi kuelekea ng'ambo, na Maman akaangalia kule unaponyooshea, akaniona, alama ndogo nyeusi ku saruji, haisogei. Ni picha ya kwanza mama yangu alisoma mu maisha yake, anasema, na kabla hajamaliza kuisoma ilikuwa imekauka.

Nilimwona anainuka. Nilimwona anaingia mu boti, na boti inakuwa kubwa, na yeye mbele yake hajashika chuma, amesimama tu. Aliposhuka sikumukimbilia, juu hajaniambia nisogee. Alikuja mpaka mbele yangu, kivuli chake kikanifunika, kizuri, chenye baridi. 

"Kumbe leo ndiyo siku ulichagua kusikia," alisema.

Halafu akakaa chini kando yangu, palepale ku saruji ya moto, akacheka mpaka kikapu ikaanguka, na nikaona machozi yake yanashuka mpaka ku kidevu. Nilimwambia, "Maman, usilie, ni amri yako." Akanishika sikio, hakulivuta, alilishika tu, mpaka hoteli. Njiani tulipita kwa bata wekundu, akanunua nusu ya bata, tukakula kwa mikono ku kitanda, na mafuta ilibaki mu telefone mpaka ilipokufa. Siku zilizobaki tulivuka na boti tu. Tulimutafuta koko asubuhi mbili, ndoo hatukuiona. Maman alinunua brosi ndogo ya kupaka rangi, na mpaka leo, akifikiri hakuna mutu, anachovya maji na kuchora ku saruji mbele ya nyumba. Anachora watu waliokaa.

Miaka imepita kumi na moja. Nina umri wa kuuza kandambili zangu mwenyewe, naziuza Minova, pale soko ya kando ya ziwa, na Maman iko amebaki Kadutu na magoti yake ambayo yanalalamika kila ngazi. Guangzhou hatuendi tena. Leo unatuma picha kwa telefone, mutu usiyemuona anakujibu na picha, na karton inafika yenyewe kama mugeni asiyebisha hodi. Telefone yenyewe iko na ramani, na ku ramani kuna doti ya bluu inayokwambia, uko hapa. Watoto wa leo hawawezi kupotea hata wakitaka. Ni kitu kizuri, sitaki kusema uongo. Lakini ile doti haijawahi kunifokea, na haijawahi kunishika sikio mpaka hoteli. Viatu vile vile, harufu ile ile, nazipokea nikiwa nimekaa, na nikizinusa najua Maman kule Kadutu naye anapasua karton yake.

Kati yetu sasa iko ziwa nzima. Kila mwezi tunafanya mabishano yale yale. Yeye anasema atapanda boti akuje anione, anaanza kufunga kikapu, na mimi ninamukataza juu ya magoti. Jana aliniita tena ku telefone asubuhi, nikasikia kwamba tayari amevaa liputa ya miavuli, ile iliyobaki rangi ya chai. Nikamwambia, "Maman, kaa palepale. Kesho niko nakuya miye."

"Nitakaa," alijibu. "Usinifananishe na weye. Miye nasikiaka."